Kikohozi cha Safu ya Nane

Nchi ya Ukumbu haimo kwenye ramani yoyote niliyopata kuiona, na wenyewe hilo haliwasumbui. Wanasema Jumba lao linakumbuka nchi ilipo, na hiyo inatosha. Mimi nilifika kule na mafua na kiatu kimoja kilichoachama mdomo, nikapokewa vizuri, nikakaa kuliko nilivyokusudia. Niliyoyaona nayasema kama yalivyokuwa. Atakayecheka na acheke, ila asiseme nimeyatunga, maana akili ya kutunga mambo kama yale sina.

Wakumbu hawaandiki. Zamani waliandika, tena kwa bidii, wakajaza nyumba nzima nzima kwa makaratasi, mchwa wakaja wakala makaratasi, wakala na milango. Watu wengine wangetafuta dawa ya mchwa. Wakumbu waliunda tume, na tume ikakaa, ikala, ikagundua kwamba kitu pekee ambacho mchwa hawajapata kukigusa ni kichwa cha mtu aliye hai. Ndipo likajengwa Jumba la Vichwa.

Ni jengo refu la mawe lenye madirisha madogo, na ndani yake kuna safu za vigoda, safu nyuma ya safu, kila mtaa wa mji na safu yake. Juu ya kila kigoda amekaa mtu, mwanamume au mwanamke, ambaye cheo chake ni Kichwa. Kichwa mmoja amebeba mambo ya nyumba moja: mke ni nani, watoto wangapi, shamba linaishia wapi, nani kahukumiwa kwa kosa gani. Mtu akishaapishwa kuwa Kichwa hatoki tena mpaka atolewe na jeneza. Anakula pale, analala pale, anaota jua kwa zamu kwenye ua wa ndani. Serikali inamlisha vizuri sana, kwa sababu Kichwa mwenye njaa husahau mipaka ya watu.

Sasa, Kichwa haambiwi mambo aliyoyabeba ni ya nani. Sheria hii wanaionea fahari kuliko zote. Wanasema akijua atapendelea. Anayejua ni Mwelekezi, yule wa mlangoni. Ukitaka habari za nyumba fulani unamwendea yeye, naye anajua kuwa nyumba ile ni safu fulani, kigoda cha kadha wa kadha kutoka ukutani. Anakwenda, anasimama mbele ya kigoda, anasema, "Toa," na Kichwa anatoa. Mwelekezi hajui kilichomo, Kichwa hajui ni cha nani. Nilimwuliza ofisa mmoja, basi ni nani anayejua yote mawili? Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyemwona mgeni anakula ndizi na ganda lake, akanijibu: Jumba.

Na Jumba halikosei. Angalia, hawasemi halijakosea. Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyetoka pale kaambiwa ana watoto sita, naye nyumbani anao wanne, akaenda mbio kuwatafuta wawili waliobaki.

Lakini mtu asije akasema Wakumbu hawakagui. Wanakagua mno. Ukaguzi wao ni wa namna mbili, na siasa yote ya nchi imesimama juu ya namna hizo mbili, kama meza ya miguu miwili.

Wa kwanza ni Ukaguzi wa Kikohozi. Kila mwezi ukiandama, Mkaguzi Mkuu anapita kati ya safu na fimbo yake, na kila Kichwa akifikiwa anakohoa. Kigoda chenye mtu, na mtu akakohoa, kimepita. Kikipatikana kigoda kitupu, msimamizi wa safu ile anachapwa bakora sokoni na kazi inamwishia hapo. Shughuli yote inakwisha kabla uji wa Mkaguzi haujapoa, ngoma inapigwa, inatangazwa kwamba Jumba ni zima, na watu wanalala usingizi.

Wa pili ni Ukaguzi wa Kutapisha. Huo, kila Kichwa anasimamishwa anatapika yote aliyoyabeba, neno kwa neno, na mwenye nyumba anaitwa asikilize, na majirani wanaitwa, na shamba linapimwa upya kwa kamba. Muda wote huo Jumba limefungwa. Hakuna kuoa, hakuna kuuza, hakuna kuzika, kwa kuwa hakuna pa kuuliza kama inaruhusiwa. Ulifanyika mara moja, enzi za mababu, ukala masika mawili. Watu wakazaa kabla ya kuoana, na maiti wakangoja ruhusa kwa subira ambayo walio hai hawakuwa nayo. Yakapatikana makosa matatu. Mojawapo ni kwamba Mkaguzi Mkuu mwenyewe alikuwa anakumbukwa kama fahali wa shangazi yake.

Tangu hapo nchi imegawanyika. Kuna Wakohozi na kuna Watapishi, na hawaozani.

Mimi nilipanga kwa Bi Sikitu, mtaa wa safu ya nane. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mkono wa kupika na ulimi wa kuchoma, anapangisha chumba kimoja na kuuza chai ya tangawizi. Mumewe, Mzee Ngwali, ni mnoa visu. Alikaa barazani na jiwe lake kutwa, akizungumza na visu kuliko na watu. Siku ya kwanza alikitazama kiatu changu akasema, "Mzee mwenzangu, hicho kina njaa kuliko wewe," akakishona bila kuombwa. Mkewe akamwambia laiti angeshona na paa. Akajibu kwamba paa halijamlalamikia. Basi ndivyo walivyoishi, na nimeona majumba ya wakubwa ambayo hayana raha ile.

Jirani yao wa kulia alikuwa Bwana Mbaruku, mwenye ng'ombe wengi na sauti ya pole. Mwaka ule, wakati wa kiangazi, Mbaruku aliwalaza ng'ombe wake ndani ya chemchemi ya mji ili wapate ubaridi, na mji mzima ukahara. Kesi ilisikilizwa hadharani. Akahukumiwa yeye na mkewe wavuke Uwanda wa Chumvi, jangwa lisilo na maji, wasirudi, ila kwa huruma ya sheria akaachiwa kwanza avune. Kila mtu aliijua hukumu ile. Wengi walikuwa bado wanashika matumbo wakati inasomwa.

Mavuno yakaisha. Desturi yao ni kwamba baada ya mavuno Waelekezi wanapita vigoda vyote wakiuliza swali moja tu: kuna hukumu iliyoiva? Safu ya nane wakapata moja. Na askari wawili wakaja mtaani kwetu, wakampita Mbaruku akiwa mlangoni kwake amekwisha kufunga mizigo, wakaingia kwa Ngwali.

Wakamwambia kwamba Jumba linakumbuka amechafua chemchemi kwa ng'ombe. Ngwali akasema yeye hana hata mbuzi. Askari mkubwa akaangaza macho uani, hakuona ng'ombe, akaongeza kosa la pili, kwamba amewaficha. Kisha akatangaza kuwa mwezi ukiandama Ngwali atavuka Uwanda wa Chumvi, yeye na mkewe Mkiwa.

Sasa Mkiwa ni mke wa Mbaruku. Alikuwa upande wa pili wa ua akianika nguo, akabaki na shuka mkononi. Bi Sikitu akauliza, kwa adabu ambayo sijapata kumsikia nayo tena, kwamba ikiwa Mkiwa ndiye mke wa Ngwali, yeye ni nani? Askari akamwambia hilo ni swali la Jumbani, wala yeye si Mwelekezi, wakamchukua Ngwali wakamfungie kituoni.

Mimi na Bi Sikitu tulikwenda Jumbani kesho yake. Mwelekezi akapiga hatua zake, akauliza, akarudi na jibu: Sikitu ni mke wa nyumba ya jirani wa kushoto. Jirani wa kushoto ni Mzee Dafu, mfuga njiwa, hana jino hata moja, na hajaoa tangu azaliwe. Kwa hiyo Bi Sikitu hakuwa na haki ya kumtetea Ngwali, kwa kuwa Ngwali si mumewe. Na Mzee Dafu alipopata habari alivaa kofia mpya. Alikuja jioni akasimama mlangoni akasema yeye hajaomba chochote, lakini hawezi kubishana na Jumba, na je, bibie anajua kupika mtama laini?

Bi Sikitu alimfukuza kwa mwiko. Mwiko ule ndio upinzani wa kwanza niliouona katika nchi ya Ukumbu.

Tukaenda kwa hakimu, yule yule aliyemhukumu Mbaruku. Mzee wa heshima, alitukaribisha kahawa. Alikiri kwamba yeye binafsi anakumbuka vizuri kuwa alimhukumu Mbaruku, hata kanzu aliyovaa Mbaruku siku hiyo anaikumbuka. Lakini akasema yeye ni kichwa kimoja, tena hakijaapishwa, na nchi itakuwaje kila mtu akianza kukumbuka mwenyewe? Mbaruku naye tulimwendea. Alitusikitikia sana. Alisema mkewe anampenda, na kumwona akienda na mwanamume mwingine jangwani litakuwa jambo zito kwake, ila ng'ombe nao wanahitaji mtu. Mkiwa akasema kutoka jikoni kwamba ng'ombe wale ni wao na mji mzima unajua. Mbaruku akamwambia apunguze sauti, asije akaligombanisha Jumba na majirani.

Waliotufungua macho ni watu wa nyumba ya mwisho ya mtaa ule. Wao walikuwa na msiba na walikwenda Jumbani kuuliza urithi. Mwelekezi akaenda mpaka kigoda cha mwisho, akasema, "Toa," na Kichwa akakohoa. Akaulizwa tena, akakohoa tena. Ndugu wale wakarudi nyumbani na kikohozi kile, wakamwita mwanachuoni awafasirie, naye akawaeleza kuwa kikohozi cha kwanza ni cha kaka mkubwa na cha pili ni cha wadogo wote kwa pamoja. Kaka akachukua shamba. Wadogo walikuwa wanasubiri mwezi ujao wakaulize kama kuna cha tatu.

Bi Sikitu alisikiliza hadithi hii akiwa anamenya tangawizi, kisu kikasimama. Akaniuliza mimi, mgeni, mtaani kwetu huko nilikotoka mtu akifa kiti chake kinakaliwa na nani. Nikamwambia inategemea. Ndipo akanikumbusha, au tuseme akajikumbusha, kwamba Kichwa wa kwanza wa safu ya nane alikufa miezi mitatu nyuma, baada ya kesi ya Mbaruku. Mtaa mzima ulikuwa mazishini. Walikula pilau, wakamsifu marehemu, wakarudi makwao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani sasa amekaa pale.

Tukamtafuta msimamizi wa safu, bwana mmoja mnene aitwaye Tuwano, tukamkuta kwenye ukuta wa nyuma wa Jumba anakula miwa. Hakuficha. Alisema kumfunza mrithi wa Kichwa ni kazi ya mwaka, na yule mzee alikufa leo, kikohozi ni kesho. Kigoda kitupu ni bakora. Sasa yeye angefanyaje? Akawasogeza wote, kila mtu kigoda kimoja mbele, pengo likahamia mwisho, na mwisho akamweka shemeji yake, ambaye hana kazi lakini ana kifua. Mkaguzi akapita, wote wakakohoa, ngoma ikapigwa. Tuwano alilisimulia jambo hili kama fundi anayeonyesha kiungo cha meza.

Kwa hiyo Mwelekezi alikuwa anakwenda kwenye kigoda kile kile cha siku zote, na mtu aliyekaa pale ni wa nyumba inayofuata. Mtaa mzima ulikuwa umevaa maisha ya jirani wa kulia, na hakuna aliyejua, maana watu hawaulizi Jumba kila siku. Bi Sikitu alimwambia Tuwano kwamba mumewe anakwenda kufa kwa ajili ya shemeji yake. Tuwano akatema makapi ya muwa. Alisema anasikitika, ila yeye ana watoto, na Jumba halikosei.

Baraza la nchi hukaa wazi na mtu yeyote anaweza kusema, ndiyo maana hakuna anayesikilizwa. Bi Sikitu alisimama akaomba jambo dogo. Hakusema habari za Tuwano, kwa kuwa kumshtaki msimamizi bila ukaguzi ni kosa. Aliomba safu ya nane peke yake itapishwe. Safu moja. Asubuhi moja. Wenye nyumba wa mtaa wakae pale, kila mmoja asikie mambo yake, basi. Jumba lililobaki liendelee na kazi.

Nilidhani wataona aibu kulikataa. Sikuwajua.

Waziri wa Kumbukumbu, Bwana Mapute, mkuu wa Wakohozi, alisimama kwa niaba ya utulivu. Alisema safu zote zilikohoa mwezi uliopita, na safu ya nane ilikohoa vizuri kuliko nyingi. Ukitapisha safu moja, watu wa safu ya saba watauliza kwa nini si wao, na wa tisa watashuku, na mwisho nchi nzima inatapika. Akauliza kwa upole: huyu mama anataka nini hasa, mume au vurugu?

Nikamtazama Bi Kizota, mkuu wa Watapishi, mwanamke aliyepigania ukaguzi wa kweli tangu ujana wake. Nikajua huyu sasa atamshika mkono mwenzake. Bi Kizota alisimama kwa hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa kwa Bi Sikitu.

"Safu moja?" alisema. "Mwanangu, ukweli haukatwi vipande kama muhogo. Sisi tunadai Jumba lote, kuanzia kigoda cha kwanza hadi cha mwisho, na paa likaguliwe. Ukipewa safu moja leo, kesho watatuambia tumekwisha kukaguliwa. Afadhali tusipate kitu kuliko kupata kidogo."

"Jumba lote ni masika mawili," Bi Sikitu akamwambia. "Mume wangu anaondoka mwezi ukiandama."

"Atakumbukwa," akasema Bi Kizota, na watu wake wakapiga makofi.

Baada ya hapo mjadala ulichangamka kwelikweli. Wakohozi waliimba kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo, Watapishi wakajibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwa kuwa methali zote mbili ni za kweli hakuna aliyeshinda. Wakatukanana mpaka adhuhuri. Kisha Waziri Mapute, ambaye ni mtu wa suluhu, akaleta suluhu. Alisema serikali imesikia kilio cha wanaotaka ukaguzi wa kina. Kwa hiyo mwezi huu utafanyika ukaguzi wa kina, Jumba zima, bila kuruka kigoda, ila kwa mtindo wa kisasa: kila Kichwa atakohoa mara mbili, na cha pili kiwe kirefu.

Ukapita kwa kura nyingi. Hata baadhi ya Watapishi waliunga mkono, wakisema ni mwanzo. Uliitwa Kikohozi Kirefu, na nilisikia baadaye kwamba Waziri alitunukiwa joho.

Bi Sikitu hakulia. Aliniambia nimbebee kapu la chakula, tukaenda kituoni kwa askari ambako Ngwali alifungiwa. Aliketi chini mbele yake akamweleza alilolifikiria. Kama pengo la mbele ndilo lililowavuta wote mbele, basi akipatikana mtu wa kukaa mbele, wote watarudi nyuma, kila mmoja kigoda chake cha haki, na shemeji wa Tuwano ataanguka mwisho aende zake. Hakuna haja ya ukaguzi. Na nyumba ya kwanza, ambayo mambo yake yalizikwa na yule mzee, ni ya mwashi Lugendo. Bi Sikitu amekaa naye mtaa mmoja tangu alipoolewa. Mambo ya Lugendo anayajua kuliko Lugendo.

Ngwali akauliza mtu huyo wa kukaa mbele ni nani. Bi Sikitu akafungua kapu la chakula.

"Hapana," akasema. "Anayeingia kule hatoki. Heri twende sote chumvini tukafe."

"Sote na nani? Mimi si mkeo, Ngwali. Kamwombe Mkiwa."

"Usinifanyie mzaha."

"Mzaha wamefanya wao. Mimi nachagua tu. Ukivuka unakufa kule na mke wa watu, na mimi hapa nampikia Dafu mtama laini. Nikikaa, unakuwa hai, na mimi nakuwa mkeo. Mkeo aliye mbali kidogo."

Ngwali alisema kwamba kutoka barazani kwake mpaka Jumbani si mbali kidogo, ni mbali yote. Naye akamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Nilitoka nje nikawaacha. Mambo mengine hata msafiri haruhusiwi kuyatolea habari.

Tuwano alikuwa rahisi. Kikohozi Kirefu kilikuwa kimemnyima raha, kwa sababu shemeji yake alikwisha kuchoka na kigoda na alianza kudai kulipwa kwa kila kikohozi. Bi Sikitu alipomwambia ataapa leo hii, abebe nyumba ya kwanza, kila mtu arudi nyuma na shemeji aondoke, Tuwano alimtazama kama anayetafuta ndoana ndani ya chambo.

"Bi mkubwa," akasema, "watu huingia humu kwa kuapishwa utotoni, au kwa kukosa pa kulala. Wewe una nyumba."

"Nina nyumba. Nisogezee kigoda."

Akaapishwa pale pale, mimi nikiwa shahidi, ingawa ushahidi wangu kule hauna thamani. Safu ya nane ikanyanyuka, ikarudi nyuma hatua moja, ikakaa. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nikafikiria masika mawili, kisha nikafikiria baraza.

Mwezi ukaandama. Mkaguzi Mkuu akapita, Bi Sikitu akakohoa mara mbili, cha pili kirefu, na kifua chake kikiwa kimejengwa na tangawizi ya miaka mingi Mkaguzi alisimama akamsifu. Ngoma ikapigwa. Kisha askari wakamleta Ngwali na Mkiwa uwanjani, na kwa kuwa sheria inataka Jumba liulizwe kwa mara ya mwisho kabla mtu hajavuka, Mwelekezi akaenda kwenye kigoda cha nyumba ya Ngwali. Akarudi akatangaza: mnoa visu, mkewe Sikitu, hana kosa, hana ng'ombe.

Uwanja ukanong'ona. Wakaulizwa Waelekezi tena, hukumu iliyoiva iko wapi? Ilikuwa kwenye kigoda cha nyumba ya Mbaruku.

Mbaruku alikuwa amekuja kumuaga mkewe na leso mkononi. Alipiga kelele kwamba mwezi uliopita Jumba lilisema vingine, na watu wote ni mashahidi. Waziri Mapute akamwuliza kama anasema Jumba limekosea. Siku yenyewe ya ukaguzi? Tena wa kina? Mbaruku akafungua kinywa, akatazama bakora mkononi mwa askari, akakifunga. Wakavuka, yeye mbele na Mkiwa nyuma yake, na sauti ya Mkiwa ilisikika hata baada ya wao wenyewe kutoonekana. Mzee Dafu alivua kofia yake akairudisha dukani.

Jioni ile Waziri alihutubia kwamba Kikohozi Kirefu kimeokoa mtu asiye na hatia, na sasa nani atathubutu kutaka kutapisha? Bi Kizota akahutubia ng'ambo ya pili ya uwanja kwamba kama kikohozi tu kimefichua haya, je, kutapisha kungefichua mangapi? Watu walisikiliza huku kidogo na huku kidogo, wakaenda kulala. Nyumba ya mwisho, kigoda chao sasa kilikuwa na mtu anayesema, na wadogo wakagundua kwamba shamba ni lao wote. Kaka mkubwa akajiunga na Wakohozi.

Ngwali alirudi kwenye baraza yake, akawa hatumii jiwe. Nilimchemshia chai, nikaiharibu, akainywa. Siku ya nne akavaa shati safi akaenda kupanga foleni Jumbani, maana sheria inamruhusu mtu yeyote kuuliza nyumba yoyote na kusikiliza dirishani. Alisema anauliza mambo ya nyumba ya kwanza, ya mwashi Lugendo. Mwelekezi akamwuliza za nini, akasema anafikiria kuinunua.

Mwelekezi akasema, "Toa." Na sauti ya Bi Sikitu ikatoka, imenyooka, kama inavyotakiwa: mke wa nyumba hii ni fulani, watoto ni fulani na fulani, shamba linaanzia kwenye mkwaju, linashuka na mfereji, linaishia penye jiwe jeupe. Kichwa haruhusiwi kusema neno nje ya alichokibeba. Hapo akapumua. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile, kwamba nyumba hii, tangu mababu, ina wajibu wa kumpelekea mnoa visu wa mtaa chakula cha jioni, kiwe cha moto, na mnoa visu naye ana wajibu wa kukimaliza.

Ngwali alishika nondo za dirisha akacheka mpaka Mwelekezi akamwonya.

Lugendo ni mtu mtii wa sheria. Alipoletewa habari alishangaa kidogo kwamba baba yake hakumwambia, kisha akamwagiza mkewe aongeze kipimo cha unga. Mpaka ninaondoka Ukumbu alikuwa anapita kila jioni na bakuli lililofunikwa, na Ngwali anakula mpaka mwisho, na mwezi ulipoandama tena safu ya nane ilikaguliwa, ikakohoa, ikapita bila dosari.